Je, Wajua? Jicho, Mwanga na Tundu la Sindano

JE, WAJUA kwamba madoa ya mwanga yanayolala chini ya mkorosho ni picha za jua? Simama kwenye shamba lolote la Chunyu, wilayani Ruangwa, jua likiwa utosini, utazame ardhini. Majani yamepandana ovyo na mianya iliyo kati yake ina kila umbo, lakini madoa mengi ni ya duara. Mwanya ukiwa mdogo, umbo lake halina neno: miale kutoka kila upande wa jua hupita hapo na kwenda kutua mahali pake, mpaka jua zima linajichora chini. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kusini mwa Tanzania na watu wakafurika Rujewa kuliona likibaki pete, madoa ya chini ya miti nayo yalibadilika umbo, yakalifuata jua. Aliyetazama chini aliona tamasha lilelile, na macho yake yakabaki salama. Kulikodolea jua macho matupu huunguza retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na retina haina neva za maumivu za kukuonya.

Jicho nalo lina tundu, ndiyo mboni, ile nyeusi ya katikati. Mchana wa jua kali hujibana hadi upana wa milimita 2 hivi. Gizani, kwa kijana, hutanuka hadi karibu milimita 8, na mwanga unaoingia huongezeka mara 16. Weusi ule si rangi ya kitu chochote. Unachungulia giza la ndani.

Je, wajua kwamba lenzi siyo mfanyakazi mkuu? Wengi tulitoka shuleni tukiamini kwamba kazi yote ya kukusanya mwanga ni yake. Karibu theluthi mbili ya kazi hiyo hufanywa na konea, utando angavu wa mbele kabisa wa jicho. Nguvu ya kukunja mwanga hupimwa kwa dayopta: lenzi ya dayopta 1 hukusanya miale ya mbali kwenye umbali wa mita 1, ya dayopta 2 kwenye nusu mita. Jicho zima lina kama dayopta 60, na kati ya hizo 43 hivi ni za konea. Lenzi iliyo nyuma ya mboni huongeza zilizobaki, ila ina kipaji ambacho konea haina: inaweza kubadilika umbo. Ukitazama mlima ulio mbali, lenzi imelala bapa. Ukigeuka kutazama mwiba kidoleni, msuli mdogo unaoizunguka hujikaza, nyuzi zinazoivuta zinalegea, nayo inavimba. Yote hayo hutokea kabla hujamaliza kusema "aa!"

Ukifumbua macho ndani ya maji, konea inapoteza karibu kazi yake yote. Mwanga hukunjika pale tu unapovuka kutoka kitu kimoja kwenda kingine kilicho tofauti nacho, na maji na konea havitofautiani sana. Ndiyo maana mtoto anayepiga mbizi mtoni huona wenzake wakiwa mavumbivumbi. Akivaa miwani ya kuogelea, hewa inarudi mbele ya konea na mambo yanakaa sawa.

Je, wajua kwamba hivi sasa, unaposoma mstari huu, picha yake ndani ya jicho lako imepinduka juu chini, na kushoto kumekuwa kulia? Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, mji uleule ambao majahazi yake yalikuwa yakileta tende pwani kwetu, aliandika Kitab al-Manazir miaka elfu moja iliyopita akiwa Cairo. Aliwapinga waliodai kwamba jicho hutoa miale ya kwenda kupapasa vitu. Mwanga ndio unaoingia, alisema, na akaonyesha kwa chumba chenye giza na tundu. Ilikuwa mwaka 1604 ndipo Johannes Kepler alipotamka wazi kwamba picha huangukia kwenye retina, tena kichwa chini. Mjerumani mwingine, Christoph Scheiner, akaja kulikwangua jicho la ng'ombe upande wa nyuma na kuiona picha hiyo kwa macho yake. Kuigeuza ni kazi ya ubongo, na ubongo haujawahi kulalamika.

Sasa tufike kwenye milimita, maana hapo ndipo penye mambo.

Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi kutoka mbele hadi nyuma. Likirefuka kwa milimita 1 tu, picha ya vitu vya mbali inaundwa kabla ya kufika kwenye retina, na mwenye jicho anahitaji miwani ya karibu dayopta 3 za kutoa. Huyo hawezi kusoma ubaoni akiwa dawati la nyuma, ingawa daftari lake analisoma bila taabu. Likipungua milimita hiyohiyo, picha inataka kuundwa nyuma ya retina. Mtoto anaweza kulifidia hilo kwa kuivimbisha lenzi kutwa nzima, halafu jioni analalamika kichwa kinamuuma na mama anamtafutia panadol. Na konea ikiwa na mviringo usio sawa, imebetuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine, mistari ya wima inaweza kuwa safi huku ya mlalo ikiwa na ukungu. Thomas Young, daktari wa Kiingereza, aliugundua ukungu wa namna hiyo kwenye jicho lake mwenyewe na kuueleza mwaka 1801.

Milimita moja! Ni kipimo kidogo mno, basi. Nimewasikia watu wazima wakisema mtoto fulani "hana akili" au "amechezewa", kumbe ana jicho lililozidi kwa kipimo hicho.

Unaweza kupima hili nyumbani, sasa hivi. Chukua kipande cha karatasi ngumu, au hata jani bichi la mkorosho, ulitoboe kwa sindano. Simama mbali na kalenda ya ukutani hadi namba zianze kukupotea. Funga jicho moja, chungulia kwa lingine kupitia kitundu. Namba zikirudi kuonekana, hata kama zimefifia kidogo kwa uhaba wa mwanga, yaelekea shida yako ni ya kukusanya mwanga na miwani itakusaidia. Zisiporudi, huenda kuna jambo jingine ndani ya jicho, kwa hiyo usiende dukani kununua miwani, nenda kwa mtaalamu wa macho. Wauguzi wa macho hutumia kipimo hikihiki. Kifaa chao kina matundu mengi na kinapendeza zaidi, lakini hesabu ni ileile. Kitundu huzuia miale ya pembeni inayosababisha ukungu na kuruhusu michache ya katikati. Anayekunja uso na kufinya macho ili aone mbali anatumia mbinu hiyo bila kufundishwa na mtu. Ukimwona mwanafunzi anafanya hivyo kila mara, usimwambie aache kukunja sura. Mpeleke akapimwe.

Ubao wa herufi wa kupimia macho ulibuniwa na Mholanzi Herman Snellen mwaka 1862. Asiyejua kusoma hupewa ubao wa herufi E iliyogeuzwa huku na huku, naye huonyesha kwa vidole vitatu meno ya E yanaelekea wapi. Mtoto wa chekechea anaweza, na bibi ambaye hakuvuka mlango wa shule anaweza. Ukiandikiwa 6/60 kwenye kadi, maana yake ni kwamba kile ambacho mwenye macho mazima hukiona akiwa mita 60, wewe mpaka usogee kwenye mita 6.

JE, WAJUA kwamba lenzi huanza kukakamaa tangu utotoni? Mtoto wa miaka 10 anaweza kuona vizuri kitu kilicho sentimita 7 au 8 tu kutoka usoni. Mwaka hadi mwaka umbali huo unaongezeka pasipo mtu kujua. Kwenye miaka 45 ni kama sentimita 30, na kwenye 60 ni karibu mita nzima. Hili halichagui: mkulima, waziri, shehe, padri, aliyekula karoti na asiyekula, wote litawafika. Halisababishwi na simu wala moshi wa jikoni.

Mtazame mama wa miaka 50 amekaa kwenye mkeka na ungo wa ufuta. Punje moja ya ufuta ina urefu wa milimita 3 hivi, na kijiwe kilichojichanganya humo kina ukubwa uleule na karibu rangi ileile. Kwanza anauleta ungo karibu. Halafu anausogeza hadi magotini. Halafu anaegemea ukuta, kichwa nyuma, kidevu juu. Mwisho anaita: "Mjukuu wangu, hebu njoo unichambulie." Kesho yake ni uzi wa kutunga kwenye sindano, na mjukuu yuko shule. Keshokutwa ni namba ya kundi kwenye boksi la dawa. Halafu msimu unafika, mzigo unapelekwa kwenye ghala la AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, na hapo kuna namba za mizani, kuna stakabadhi, kuna bei iliyobandikwa baada ya mnada wa RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Malipo yakiingia, ujumbe unakuja kwenye simu kwa maandishi madogo. Anampa kijana amsomee. Ili amsaidie kutoa hela, anampa na namba ya siri. Ukungu wa sentimita 40 mbele ya uso unaweza kumtoa mtu fedha mfukoni kwa njia nyingi kuliko tunavyodhani.

Nao si wachache. Watafiti walipowapima watu wa miaka 40 na kuendelea katika vijiji vya Kongwa, Dodoma, na kutoa matokeo mwaka 2006, waliokuwa na tatizo la kuona karibu walikuwa kama 62 katika kila 100, wanawake zaidi kuliko wanaume. Waliokuwa na miwani walikuwa wa kuhesabika. Kongwa imetupatia elimu nyingi ya macho, kama utakavyoona hapa chini.

Huko Assam, India, wachuma majani ya chai wenye umri wa miaka 40 na zaidi waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa miwani ya kuonea karibu, la pili likasubiri hadi utafiti uishe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba waliopewa miwani waliongeza uchumaji kwa karibu asilimia 22 kuliko wenzao. Kuchuma chai hakuhitaji kusoma hata herufi moja. Kwa hiyo yule anayesema "miwani ya nini, mimi sisomi magazeti" amekosea hesabu. Kubangua korosho bila kuvunja kiini, kupalilia bila kukata mche, kutoa mwiba, kutofautisha noti, yote ni kazi ya macho ya karibu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba watu milioni 826 duniani walikuwa na tatizo la kuona karibu bila miwani ya kulitatua. Miwani yenyewe ni vioo viwili vilivyobetuka vya dayopta 1 hadi 3, vitu ambavyo Italia walikuwa wakivitengeneza tangu mwishoni mwa karne ya 13.

Miwani ya kusomea inayouzwa mnadani haitakudhuru. Kasoro yake ni kwamba macho yote mawili hupewa nguvu sawa, na ya watu wengi hayalingani. Tena ukiinunua bila kupimwa, unakosa kuangaliwa magonjwa yasiyouma, ambayo tutayafikia.

Mtu wa miaka 60 hupata kwenye retina yake kama theluthi moja tu ya mwanga anaoupata kijana wa miaka 20. Mboni yake imekuwa ndogo na lenzi imekuwa manjano. Kwa hiyo babu anapodai taa isogezwe, hadeki. Taa ya sola iliyowekwa begani kwake itamfaa kuliko koroboi tatu mezani.

Je, wajua kwamba bibi anayetupa miwani na kuanza kusoma msahafu bila msaada huenda anaumwa? Hutokea. Miaka kumi amesoma kwa miwani, ghafla anaiona haina kazi, na nyumba nzima inashukuru kwa muujiza. Mara nyingi hiyo ni dalili ya mtoto wa jicho. Kiini cha lenzi kinapoanza kuwa kigumu na kizito, nguvu yake ya kukunja mwanga huongezeka, na nguvu hiyo mpya inachukua nafasi ya miwani. Muulize kama anamtambua mtu anayepita barabarani. Atasita. Baada ya muda ukungu utafunika na huko karibu pia.

Mtoto wa jicho hatibiwi kwa matone, wala kwa dawa ya kienyeji, wala kwa miwani. Hutolewa kwa upasuaji ambao kwa mkono uliozoea huchukua kama robo saa, na mahali pake huwekwa lenzi ya bandia. Lenzi hiyo ina hadithi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Harold Ridley wa Uingereza aliona kwamba marubani walioingiwa na vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege machoni hawakupata uvimbe mbaya kama alivyotarajia. Jicho lilivivumilia vipande hivyo. Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas', London, akapandikiza lenzi ya plastiki ya namna hiyo kwa mara ya kwanza. Madaktari wenzake wakubwa walimbeza miaka mingi. Leo mgonjwa wa Ndanda, Dar es Salaam au Moshi anarudi nyumbani na kitu cha Ridley ndani ya jicho, na pengine hajawahi kulisikia jina hilo.

"Ukizoea miwani, macho yanakufa." Maneno haya yameshaharibia watoto masomo kuliko ugonjwa wowote wa macho ninaoufahamu. Miwani hukunja mwanga mbele ya jicho. Haigusi kitu ndani. Ukiivua, unaona tofauti kubwa kwa sababu sasa umejua kuona vizuri kulivyo.

Kuwapa watoto karatasi ya vipimo na kuwaambia "kanunueni" hakutoshi. Wanafunzi wa sekondari Dar es Salaam waliokuwa hawaoni mbali waligawanywa: wengine wakapewa miwani bure, wengine wakapewa cheti tu cha kwenda kununua. Baada ya miezi mitatu, waliokuwa wakiitumia miwani walikuwa asilimia 47 katika kundi la kwanza na 26 katika la pili. Unaona pia kwamba hata kwa waliopewa bure, zaidi ya nusu hawakuivaa. Darasa linaloita mwenye miwani "babu" lina mchango wake hapo. Kenya, katika shule 50 za kaunti ya Trans Nzoia, walitumia njia nyingine: katika nusu ya shule walimu walipima watoto kwa programu ya simu, na wazazi wakatumiwa ujumbe wa kukumbushwa, ukiambatana na picha ya kuonyesha jinsi mtoto wao anavyoona ubao. Waliofika hospitalini walikuwa 54 kwa kila 100, dhidi ya 22 kwa shule zilizotumia utaratibu wa zamani. Mzazi akiona kwa jicho lake namna ubao ulivyo mavumbi machoni mwa mwanawe, nauli inapatikana.

Watoto wa Chunyu wana bahati moja ambayo wenzao wa Singapore na Taipei wanaitafuta kwa fedha: jua la nje. Huko Guangzhou, China, wanafunzi wa darasa la kwanza walioongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule walipata tatizo la kutoona mbali kwa uchache zaidi: asilimia 30 badala ya karibu 40 baada ya miaka mitatu. Mwanga mkali wa mchana unaelekea kulizuia jicho lisirefuke kupita kiasi. Kwa hiyo mtoto anayechunga mbuzi jioni anafanyia macho yake kazi nzuri, mradi asikose shule asubuhi.

Miwani yako ilikuwa safi wiki jana na leo ina ukungu, kesho kutwa iko sawa tena? Pima sukari. Sukari ikipanda mwilini, maji huingia kwenye lenzi au kutoka, nguvu yake inayumba. Wapo waliogundulika kuwa na kisukari kwa kuanzia kwenye duka la miwani.

Je, wajua kwamba kope inaweza kupofusha? Trakoma, wengine huiita ugonjwa wa vikope, huanza kama macho mekundu ya watoto yenye tongotongo. Bakteria wake husafirishwa na vidole, kanga ya kufutia na nzi wanaopenda uso mchafu. Mtoto akiambukizwa tena na tena kwa miaka, ngozi ya ndani ya kope hupata makovu, inajikunja, na kope zinageukia ndani. Kila akipepesa, nywele zinaikwaruza konea. Konea yenye makovu haikusanyi tena mwanga, inautawanya. Kwa desturi wanawake huumia zaidi, kwa kuwa ndio wanaolala na watoto na kuwafuta nyuso. Akina mama wengi wa makamo wamekuwa wakitembea na kibanio cha kung'olea kope mfukoni, wakidhani ni maumbile yao. Upasuaji mdogo wa kuirudisha kope mahali pake huondoa mkwaruzo huo.

Na hapa Kongwa inarudi. Utafiti uliofanywa huko na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kampeni ya kuosha nyuso za watoto, ikiambatana na dawa, ilipunguza trakoma kali. Tatizo siku zote ni kisima kuwa mbali: mama akirudi na ndoo moja, anaigawa kwa chakula, kunywa, vyombo, na uso wa mtoto unakuja mwisho. Lakini uso unahitaji maji kidogo mno, kikombe kimoja kinatosha watoto kadhaa. Jirani zetu wa Malawi walitambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 kuwa wameitokomeza trakoma kama tatizo la afya ya jamii.

Mtoto mwenye ualbino haoni vibaya kwa sababu ya jua peke yake. Rangi ya mwili inahitajika ili sehemu ya katikati ya retina, ile inayosomea, ikue vizuri tumboni mwa mama. Ikikosekana, sehemu hiyo haikamiliki, na macho hutikisika yenyewe yakitafuta pa kutulia. Miwani husaidia kiasi, haimalizi. Kinachosaidia papo hapo hakina gharama: mwalimu amkalishe dawati la mbele, mbali na dirisha linalomtia kiwi, aandike herufi kubwa, na amruhusu kuliinamia daftari hadi pua iguse. Hataharibu macho kwa kuinama. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino kwa kila watu 1,400, kiwango cha juu kuliko sehemu nyingi za dunia.

Presha ya macho haina uhusiano wa lazima na presha ya damu, na kwa kawaida haiumi. Inakula pembeni kwanza: mtu anaanza kujigonga kwenye milango, anashtushwa na baiskeli zinazotokea ubavuni, huku ubao wa herufi anausoma wote. Watu wenye asili ya Afrika hupata aina yake ya kawaida mapema zaidi na kwa wingi zaidi. Vijijini Kongwa (ndiyo, tena) watafiti waliikuta kwa kama watu 4 katika kila 100 wenye miaka 40 na zaidi. Kilichopotea hakirudi, lakini matone ya kila siku husaidia kuzuia upotevu usiendelee. Kama mzazi au ndugu yako wa tumbo moja aliipata, usisubiri dalili.

Majira ya kupulizia salfa mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, macho ya wengi Ruangwa na Nachingwea huwa mekundu. Vumbi la salfa huwasha konea vibaya, na anayeyafikicha macho kwa kiganja chenye salfa anaongeza moto. Osha kwa maji safi mengi yanayotiririka, robo saa nzima, kabla ya kufikiria dawa. Maziwa ya mama hayafai. Mkojo haufai. Majani yaliyotafunwa ndiyo kabisa: katika hospitali ya Mvumi, Dodoma, madaktari waliochunguza wagonjwa wenye vidonda vya konea waligundua kwamba robo yao walikuwa wametia dawa za kienyeji, na hao ndio walioharibika zaidi.

Na mengine ya harakaharaka.

Kila jicho lina mahali pasipoona kitu, pale neva inapotokea kwenda ubongoni. Weka punje mbili za mbaazi mezani, moja kushoto na moja kulia, sentimita 8 kati yake. Fumba jicho la kushoto, ukazie la kulia kwenye punje ya kushoto, usogeze uso polepole hadi kama sentimita 30. Punje ya kulia itatoweka.

Gizani, ukitaka kuiona nyota hafifu, usiikazie. Tazama kando yake kidogo. Katikati ya retina hamna chembe za kuonea usiku.

Kuku hana macho ya usiku, ndiyo sababu anawahi bandani.

Mboni ya mbuzi imelala mlalo ili aone nyika yote kwa mara moja, na anapoinama kula, jicho linajizungusha ili mboni ibaki sambamba na ardhi.

Wapo wanaume wasiotofautisha vizuri nyekundu na kijani, na wengine hawajui. Ukimtuma kuokota mabibo mekundu kwenye majani, atachelewa kuliko dada yake, wala si mvivu.

Picha ya simu yenye mmweko mara nyingi huyafanya macho ya mtoto yang'ae mekundu. Jicho moja likirudia kung'aa jeupe picha baada ya picha, mpeleke mtoto hospitali wiki hiyohiyo. Inaweza kuwa uvimbe wa saratani ndani ya jicho, na hospitali kubwa kama Muhimbili na KCMC huutibu. Ukiwahiwa, mara nyingi mtoto anapona.

Mtoto mwenye makengeza hangojewi akue. Ubongo ukiona picha mbili zisizolingana huchagua moja na kulipuuza jicho la pili, na baada ya miaka saba au minane ya umri ni vigumu sana kuushawishi ubadili mawazo.